Sera moja kwa kaunta tatu: kuoanisha udhibiti wa fedha haramu Arusha, Nairobi na Kampala

Kabla sijahamia makao makuu nilikuwa keshia kwenye duka la kubadilisha fedha Namanga, upande wa Tanzania. Asubuhi moja aliingia mzee wa vitunguu, kofia mkononi, mfuko wa sandarusi kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Nihesabie hizi haraka, gari lisije likaniacha."

Zilikuwa shilingi 1,600,000 za Kenya, fedha ya magunia ya vitunguu vya Mang'ola aliyoyauza Nairobi. Noti zilikuwa zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, nyingine bado zina vumbi la soko.

Sasa mchukue mzee yule umpitishe kwenye sheria za leo. Kwa bei ya siku hizi fedha zile ni kama dola 12,400. Nairobi, keshia hana cha kuripoti, kwa sababu Kenya inataka ripoti ya fedha taslimu kuanzia dola 15,000. Mpaka 2023 ilikuwa 10,000. Tanzania kiwango ni dola 10,000, hivyo mimi naripoti. Angekuwa amepeleka mzigo Kampala na kubadilisha fedha huko, Uganda inahesabu pointi za sarafu 1,000, yaani shilingi zao milioni 20, kama dola 5,500 tu. Angekuwa amekipita kiwango zaidi ya mara mbili. Na kabla hajafika kwangu alishapaswa kuzitamka forodhani, maana anayevuka mpaka na zaidi ya dola 10,000 taslimu hujaza fomu. Hakuitamka. Hakujua kama kuna fomu.

Mzee hakuwa mtakatishaji wa fedha haramu. Alikuwa mkulima aliyeuza mazao. Lakini anayetaka kupitisha fedha chafu hupenda pengo lilelile lililo kati ya 15,000, 10,000 na 5,500, na ndiyo maana nchi zinaambiwa zioanishe sheria na usimamizi wake. Mwafaka huo wa serikali utakuja kwa mwendo wake. Wewe uliyeajiriwa kwenye kampuni yenye matawi nchi tatu unatakiwa uoanishe Jumatatu asubuhi.

Mimi kazi yangu sasa ni uzingatiaji wa sheria katika kampuni ya kutuma fedha yenye matawi Arusha, Nairobi na Kampala. Wenzangu wananiita polisi wa ofisi. Sera ya pamoja nimeiandika mara mbili. Ya kwanza ilikufa ndani ya miezi minne, na nitaeleza ilivyokufa. Ya pili ndiyo tunayoitumia.

Anza na mifupa

Usifungue sheria tatu na kuzisoma moja baada ya nyingine kutoka kifungu cha kwanza. Utachoka na utaona tofauti hata pasipo na tofauti. Sheria hizi ni ndugu. Ya Tanzania Bara ni ya 2006, ya Kenya ni ya 2009, ya Uganda ni ya 2013, na zote zimejengwa juu ya mifupa ya mapendekezo 40 ya FATF, ule ushirika wa nchi wa kupambana na fedha haramu ulioundwa mwaka 1989 na wenye makao Paris. Mapendekezo ya kwanza yalitoka 1990, na haya tunayoyatumia yana msingi wake kwenye marekebisho makubwa ya 2012. Kwetu anayeyafuatilia ni ESAAMLG, chombo cha kanda ya mashariki na kusini mwa Afrika kilichozaliwa Arusha 1999, ofisi zake ziko Dar es Salaam.

Kwa hiyo chapisha mapendekezo 40 kwanza. Mengi yanaihusu serikali. Kwa kampuni kama yetu yanayouma hayafiki 15. La 1 ni kupima hatari. La 10 ni kumjua mteja. La 11 ni kutunza kumbukumbu. La 16 ni utumaji wa fedha, na hapo ndipo utakapoishi ukiwa na kazi kama yangu. La 18 linahusu kampuni zenye matawi nje, na linasema wazi: kundi zima liwe na utaratibu mmoja, sheria ya nchi ya tawi ikiwa laini kuliko ya nyumbani, fuata ya nyumbani kadiri nchi ile inavyoruhusu, isiporuhusu, mwambie msimamizi wako wa nyumbani. La 20 ni taarifa za shaka, yaani kuieleza mamlaka ya serikali unapomshuku mteja, la 21 ni kutomshtua mteja kwa kumwambia kwamba ameripotiwa.

Kisha fungua Excel. Safu za kulala ziwe vipengele, za kusimama ziwe nchi. Yangu ina safu 31 za kulala. Kwenye kila kisanduku andika kiwango, namba ya kifungu, na tarehe uliyokisoma wewe mwenyewe kwa macho yako. Hiyo tarehe usiipuuze. Nilipoanza nilinakili kutoka kwenye muhtasari wa mwanasheria mmoja kwamba Kenya inatoa siku 7 za kupeleka taarifa ya shaka. Ilikuwa kweli zamani. Ilishashushwa hadi siku 2, na muhtasari ule ulikuwa bado unazunguka kwenye barua pepe za watu kama noti ya zamani iliyofutwa.

Ukiwa na wakala Unguja, ongeza safu ya nne. Zanzibar ina sheria yake ya 2009, ingawa kitengo kinachopokea taarifa ni kilekile cha Jamhuri ya Muungano. Wengi wa bara hulisahau hili mpaka mkaguzi awaulize.

Usichukue kali kuliko zote kwa kila kitu

Ushauri utakaopewa na kila mtu ni huu: chukua sheria kali kuliko zote, itumie kila mahali, lala usingizi. Niliufuata. Ndio ulioua sera yangu ya kwanza.

Kwenye muda na kumbukumbu ushauri huo ni mzuri. Taarifa ya shaka: Tanzania ni saa 24 tangu shaka ilipoingia, Kenya siku 2, Uganda siku 2 za kazi. Tumechukua saa 24 kwa wote, na hakuna aliyeumia, ila inabidi uamue mapema Ijumaa jioni inakuwaje. Uganda wikiendi haihesabiwi. Tanzania shaka ikiingia Ijumaa saa kumi na moja jioni, saa 24 zinaishia Jumamosi saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo tuna zamu ya simu ya Jumamosi na tunailipia. Kumbukumbu: FATF inataka miaka 5, Kenya 7, Tanzania na Uganda 10. Tumeweka 10 pote. Gharama yake ni kabati na nafasi kwenye seva.

Viwango vya kuripoti fedha taslimu ni habari nyingine. Nilivishusha vyote kufikia cha Uganda. Nikajiona hodari. Tawi la Nairobi, ambalo lina wateja wengi wa biashara, likaanza kupigiwa kengele na mfumo kutwa nzima kwa miamala ya dola 6,000 ambayo kwa Kenya ni ya kawaida kabisa. Kila kengele inataka mtu aifungue, asome, aandike sababu, afunge. Wiki ya tatu wakaanza kufunga bila kusoma. Tulipokaguliwa, mkaguzi aliomba orodha ya kengele pamoja na muda uliotumika kwa kila moja, akaishusha kwenye skrini taratibu, kisha akauliza kwa upole: "Huyu aliyefunga kengele 19 kwa sekunde tisa tisa, ni mtu au ni mashine?" Sikuwa na jibu. Kati ya zile 19 moja ilikuwa ya kweli.

Sasa tunatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kiwango cha kuripoti kinabaki cha nchi husika, hata senti usiiguse, maana mamlaka ya Nairobi haikuomba taarifa za dola 6,000 na ukiijaza taka utakuwa umeifunika taarifa ya maana. Kiwango cha kuangalia ndani ndicho chetu, nacho hakifuati nchi, kinafuata mteja. Mwenye duka la vipuri anayetuma dola 800 kila wiki akituma 5,000 ghafla, anaangaliwa awe Arusha au Kampala. Mwagizaji wa nguo anayetuma 9,000 kila mwezi kwa ankara zinazoeleweka haangaliwi kwa sababu ya tarakimu peke yake.

Na ongeza kanuni moja inayopita mipaka: jumlisha. Anayetuma dola 4,000 Arusha asubuhi, na ndugu yake 4,000 Nairobi mchana, kwa mpokeaji yuleyule wa Kampala, hakuna kaunta itakayomwona. Anaonekana ukimfuata mpokeaji tu. Mfumo wetu hujumlisha kwa mpokeaji kwa siku 7. Ni kipengele kimoja kwenye sera, lakini kimetusaidia kuliko kurasa kumi za maneno.

Fomu ya mteja

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo sera inapoanza kufanya kazi au kulala.

Nilipofika makao makuu kila tawi lilikuwa na fomu yake. Arusha ilikuwa na nafasi za majina matatu, Nairobi mawili, Kampala "jina la ukoo" na "jina jingine". Matokeo: mtu mmoja alikuwa wateja watatu. Fomu mpya ina nafasi nne za majina, na keshia haruhusiwi kupanga. Anaandika kwa mfuatano uliopo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi.

Namba za vitambulisho ni zawadi ukizijua. Namba ya NIDA, kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Keshia akiandika tarehe ya kuzaliwa isiyolingana na hizo nane, mfumo unakataa papo hapo. Kosa la kuandika na kitambulisho cha kughushi vyote viwili hukwama pale. Namba ya Uganda ina herufi na tarakimu 14, na ya raia huanza na CM kwa mwanamume, CF kwa mwanamke. Ya Kenya ni fupi, tarakimu 7 au 8, haikuambii lolote kuhusu mwenyewe, kwa hiyo Nairobi lazima kuwe na njia ya kuihakiki mtandaoni. Weka urefu wa kila namba kwenye mfumo. Ni kazi ya nusu siku kwa mtu wa kompyuta.

Tarehe za kuzaliwa zenyewe zina mtego wake. Wazee wengi wa kwetu wana tarehe 1 Januari, kwa sababu siku ya kuandikishwa walijua mwaka tu, na wengine mwaka wenyewe walikadiria kwa njaa au kwa Uhuru. Chukua Mohamed Ali aliyezaliwa 1 Januari 1955. Utawapata wengi, na mmoja atafanana na mtu aliye kwenye orodha ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Kwenye fomu tumeongeza mahali alipozaliwa na jina la mama. Swali la jina la mama lilileta manung'uniko Nairobi, wakasema linafanana na la kurejesha nywila ya benki. Tukaliacha kwa wale tu wanaofanana na orodha.

Halafu tahajia. Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mohamedi. Said, Saidi, Saeed. Juma na Jumaa. Mfumo uliotengenezwa Ulaya unajua kwamba Muhammad na Mohammed ni jina moja, lakini haujui kwamba Saidi ni Said aliyeongezewa irabu, wala haujui ritifaa, ile alama ya '. Ng'ang'a wa Nairobi akiandikwa Nganga kwenye tawi moja na Ng'ang'a kwenye jingine, unakuwa na wateja wawili. Majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w yalipata mkasa huohuo Arusha. Tulichofanya ni rahisi: mfumo unatunza jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, na pembeni unatengeneza nakala ya kutafutia, isiyo na ritifaa, isiyo na irabu ya mwisho iliyoongezwa, na yenye herufi pacha zilizopunguzwa kuwa moja. Utafutaji unafanyika kwenye nakala, barua anaandikiwa kwa jina lake.

Na saa. Hili nililigundua kwa aibu. Keshia wa Arusha aliandika kwenye daftari la matukio kwamba mteja alifika "saa 4". Mchambuzi wa Nairobi akalisoma kama saa 4 ya kompyuta, akaandika kwenye uchambuzi wake kwamba tawi lilihudumia mteja alfajiri kabla ya kufunguliwa. Tulikaribia kumtilia shaka keshia wetu. Saa nne asubuhi ni 10:00. Fomu zote sasa zina saa ya kompyuta peke yake, tarakimu nne, na watu wazungumze watakavyo.

Taarifa ya shaka

Kila tawi linapeleka taarifa kwa kitengo cha nchi yake: Arusha kwa kile cha Tanzania kilicho chini ya Wizara ya Fedha, Nairobi kwa kituo chao kinachojulikana kwa kifupi FRC, Kampala kwa mamlaka yao, FIA. Hata kama tukio ni moja. Arusha inaeleza iliyoyaona upande wa kutuma, Kampala iliyoyaona upande wa kupokea. Usipeleke taarifa ya Arusha Kampala ukidhani unasaidia. Vitengo vyenyewe vina njia zao za kubadilishana habari, ikiwemo ile ya Egmont, kundi la vitengo kama hivi duniani lililoanza Brussels 1995 na ambalo Uganda ilijiunga nalo 2019.

Kinachovuka mpaka ndani ya kampuni yetu ni habari za mteja na miamala yake. Taarifa yenyewe, na hata habari kwamba imepelekwa, vinabaki kwa afisa wa nchi ile. Na hata hizo habari za mteja hazivuki hivihivi: Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi za 2019, Tanzania ya 2022. Chini ya fomu tumeandika kwa Kiswahili cha kawaida kwamba taarifa zako zinaweza kuonwa na ofisi zetu za nchi hizi tatu kwa ajili ya kuzuia uhalifu. Mteja anasaini akijua.

Namna ya kuandika ndiyo iliyonipa kazi kubwa zaidi kuwafundisha wenzangu. Taarifa nyingi nilizozikuta zilikuwa za namna hii: "Mteja anatuma fedha nyingi mara kwa mara. Tunamshuku." Mchambuzi wa serikali afanye nini na hiyo? Linganisha na hii, ambayo tarakimu zake nimezibadilisha: "Kati ya tarehe 3 na 19 mwezi huu, mteja mwenye duka la vipuri alituma mara 14, kila mara kati ya shilingi milioni 4 na milioni 4.8, jumla milioni 61. Kipato alichokitaja kwenye fomu ni milioni 2 kwa mwezi. Wapokeaji ni 9 wa Kampala. Wanne kati yao wametoa namba moja ya simu. Alipoombwa ankara alisema mwenye ankara ni shemeji yake, hakurudi." Mistari mitano. Aliyeisoma anajua aanze na ile namba ya simu.

Kiolezo chetu kina maswali sita na ni kilekile kwa nchi zote tatu, ingawa kila mamlaka ina fomu yake ya kupakia. Afisa anajibu maswali sita kwanza, halafu ananakili kwenda kwenye fomu ya nchi yake.

Kuhusu kumshtua mteja, usitegemee hotuba ya mafunzo. Mpe keshia maneno. Mtu akiuliza mbona muamala umekwama, keshia anasema: "Samahani kaka, kwa kiasi hiki tunaomba hati ya mauzo au ankara." Ni kweli, na kila mteja huambiwa vivyo hivyo. Hasemi "umeripotiwa", hasemi "makao makuu wanakuchunguza", hata kwa shangazi yake. Akisema, amevunja sheria ya nchi yoyote kati ya hizi tatu.

Wasimamizi watatu, kabati moja

Benki Kuu ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda kila moja hukagua tawi lililo kwake. Maswali ni yaleyale, mpangilio tofauti. Nina kabati moja, la karatasi na la kompyuta, lenye tathmini ya hatari, mihutasari ya bodi, daftari la mafunzo, daftari la kengele na sababu za kuzifunga. Daftari la taarifa za shaka liko kwingine, kila nchi na lake, ufunguo kwa mtu mmoja. Mihutasari ya bodi ndiyo huwaangusha wengi: sera ikipitishwa Arusha na bodi ya Kampala haijaijadili, mkaguzi wa Kampala atakuambia hiyo ni karatasi ya jirani.

Makundi makubwa ya benki yana baraza, ambamo benki kuu ya nyumbani huita wenzake wa nchi za matawi wakazungumza kuhusu kundi zima. Sisi wadogo hatuna meza hiyo. Ninachofanya ni kuandika barua moja kila sera inapobadilika na kuipeleka kwa wote watatu siku moja, ikieleza nini kimebadilika na kwa sababu ya kifungu cha nchi gani. Hakuna sheria iliyonilazimisha. Ila hakuna msimamizi anayependa kusikia kutoka kwa mwenzake.

Ulaya wamekwenda mbali zaidi, na walifika huko baada ya kuumia. Tawi la Danske Bank lililokuwa Estonia lilipitisha takriban yuro bilioni 200 za wateja wa nje kati ya 2007 na 2015. Tawi lilikuwa na mfumo wake wa kompyuta, nyaraka nyingi zilikuwa kwa Kiestonia na Kirusi, na Copenhagen hawakuona kilichokuwa kikiendelea. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukatunga kanuni moja ya kufuatwa moja kwa moja na nchi zote kuanzia Julai 2027, ikiwa na kikomo cha yuro 10,000 kwa malipo taslimu ya biashara, na mamlaka moja, AMLA, yenye makao Frankfurt, itakayosimamia yenyewe makundi 40 yenye hatari kubwa kuanzia 2028. Kwetu Afrika Mashariki hakuna mamlaka ya namna hiyo. Somo la Estonia lakini ni letu leo: ukiwa Arusha, fungua skrini usome kengele ya Kampala. Kama huwezi, acha kuandika sera, kaitafute ruhusa hiyo kwanza.

Orodha ya kijivu

Usiandike majina ya nchi ndani ya sera. Niliandika, na nikalazimika kuirudisha kwenye bodi tatu kila mara. Uganda iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, ile ya nchi zenye mapungufu zinazofuatiliwa kwa karibu, Februari 2020, Tanzania Oktoba 2022. Februari 2024, mkutano uleule ulioitoa Uganda ukaiingiza Kenya. Tanzania ikatoka Juni 2025. Orodha ya Umoja wa Ulaya ina mwendo wake: Uganda iliendelea kuwemo mpaka katikati ya 2025, zaidi ya mwaka baada ya FATF kuiachia, na Kenya ikaongezwa kipindi hicho hicho. Sera yangu sasa inasema "nchi zilizo kwenye kiambatisho C", na kiambatisho C hubadilishwa na afisa bila kusubiri bodi, ndani ya siku 5 baada ya kila mkutano wa FATF: Februari, Juni na Oktoba.

Nchi kuwa kwenye orodha ya kijivu hakumaanishi umkatae mwananchi wake, wala FATF haisemi kila mteja wa huko achunguzwe kwa ukali. Inasema izingatie unapopima hatari. Orodha nyeusi ndiyo yenye amri nzito, na hiyo ina Iran, Korea Kaskazini na Myanmar. Kuna ofisi ziliwahi kuwakataa wauza samaki wa Mwanza kwa sababu ya herufi mbili za nchi. Wateja wale walihamia kwa watu wa kutuma fedha kwa mkono kwenye mabasi, ambako hakuna fomu wala kamera.

Jambo la mwisho ni kalenda. Kwenye ukuta wangu kuna tarehe za mikutano mitatu ya FATF, tarehe ya bajeti za Juni za nchi zote, kwa sababu sheria ya fedha ya mwaka hubeba marekebisho madogo ya sheria nyingine na hayo ndiyo hupita bila watu kuyaona, na Ijumaa ya kwanza ya kila robo mwaka. Siku hiyo nafungua ile Excel ya safu 31, nasoma upya vifungu vyote kwenye tovuti za serikali, nabadilisha tarehe kwenye kila kisanduku. Kazi ya saa tano hivi. Mara ya mwisho nilikuta visanduku viwili vimebadilika, kimoja cha Kenya na kimoja cha kwetu.